Shukrani kwa kijana wa madafu, kivukoni Pangani

Wewe kijana wa baiskeli ya madafu pale Bweni, Jumamosi jioni: asante sana, mdogo wangu. Pantoni inataka kuondoka, bibi yangu miguu imemgomea, ukaiacha biashara yako ukamshika mkono mpaka akakaa. Ukavuka nasi. Ng'ambo, mjini, ukatupitisha kwenye boma la kale na majumba makuukuu ya kando ya mto, ukitusimulia habari za Abushiri, kiongozi wa vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, aliyenyongwa nao hapo hapo Pangani, Desemba 1889. (Bibi kisa hicho anakijua tangu utotoni, lakini alikuachia uwanja.) Pesa ukakataa, jina hukutuachia. Bibi anakuombea kila akiswali. Ukiusoma ujumbe huu nitafute, yale madafu yaliyoporomoka ulipoiacha baiskeli tunataka kuyalipa.