Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mbeya

Ndugu wanachama,

Vikao vya kawaida vilifanyika, na hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia plazma, yaani gesi iliyopitishiwa umeme, na jinsi tunavyoitumia kushikiza metali kwenye plastiki, kazi iliyotutoa jasho zaidi mwaka huu.

Metali ya kuchochea mmenyuko (mabadiliko ya kikemikali) ikiwa unga ndani ya maji, kuitoa ni tabu na nyingi hupotea. Ikishikizwa kwenye kipande cha plastiki, unakiinua kwa kibano, unakisuuza, unakitumia tena. Tatizo ni kwamba polipropilini, plastiki tunayoitumia, ni kaboni na haidrojeni tupu. Ayoni ya metali, yaani atomu yenye chaji, haina pa kujishikiza. Plazma ndiyo inayoitengenezea mahali. Umeme wa volti nyingi ukipita kwenye gesi, elektroni hupata joto la maelfu ya nyuzi huku gesi yenyewe ikibaki karibu na joto la chumba, hivyo plastiki inayoyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi hubaki salama. Gesi ikiwa oksijeni, huacha juu ya uso vikundi vya haidroksili na kaboksili, vikundi vya atomu vyenye oksijeni ambavyo metali hujishikiza kwavyo. Ikiwa amonia, huacha amini, vikundi vyenye naitrojeni vinavyoshika vizuri sana paladiamu, metali ghali ya kuchochea. Yote hayo ndani ya kina cha nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu.

Waliofika kwenye onyesho letu Iyunga walijionea. Upande usiopitishwa plazma tone la maji lilisimama kama shanga. Upande wa pili likatanda papo hapo. Paladiamu tuliiacha kwa sababu ya bei, tukachovya kipande kwenye nitrati ya fedha, kisha kwenye borohaidraidi ya sodiamu, kemikali inayogeuza ayoni kuwa fedha tupu, kikawa cha kahawia. Kilipotiwa kwenye maji ya naitrofenoli, kemikali ya manjano, yenye borohaidraidi, umanjano ulififia hadi maji yakawa hayana rangi. Ukumbi ulishangilia, na ulistahili.

Hata hivyo, nawasihi tusikimbilie kutangaza. Uso huo ukikaa siku kadhaa, vikundi vile huzama ndani na plastiki huanza kukataa maji tena, kwa hiyo uchovywe siku ileile. Kubwa zaidi, fedha iliyobanduka na kuelea majini nayo huchochea mmenyuko. Kitoeni kipande mmenyuko ukiwa nusu: rangi ikiendelea kufifia kwa kasi, metali imevuja. Kamati imekataa kupeleka matokeo popote kabla kipimo hicho hakijarudiwa kwa kila kipande, nami naiunga mkono kwa moyo wote.

Tunaomba ridhaa yenu kununua pampu ya kuvuta hewa, ili tutumie amonia ndani ya chombo kilichofungwa. Mashine ya sasa hutoa ozoni inayowasha koo, na katika baridi ya Juni na Julai, madirisha yakifungwa, haifai kuwashwa kabisa. Ankara kifani iko kwa mhazini.