Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: Moreau, Salimu Asmani na daftari letu la ndege wa msitu wa Ngezi, Pemba

Assalaam alaykum wanachama wenzangu, pamoja na wale mlioshindwa kufika mkutanoni.

Hesabu za fedha mhazini keshazisoma, mie sizirudii, ila ada za watembezaji wageni zinachechemea na wahusika mnajijua.

Nataka kuongelea zaidi lile darasa la jioni juu ya Moreau, mtafiti wa ndege, maana limenung'unikiwa, mmoja wetu kauliza mbele za watu eti huyo Moreau na ndege wake wa milima ya Usambara Wapemba anatuhusu nini, kisiwa chenyewe hakina mlima. Anatuhusu sana. Reginald Moreau alikuwa Muingereza wa mambo ya ukaguzi wa mahesabu, biolojia hakuisomea chuoni, akaja Amani, huko huko Usambara, 1928 kwenye kituo cha utafiti cha kilimo walichoanzisha Wajerumani akakaa mpaka 1946, na ndege ikawa kazi yake ya pembeni (wengine pembeni tunacheza bao). Akaona msitu wa juu mlimani nao ni kisiwa, kilichozunguka ni nyika na joto badala ya maji, zama za baridi misitu ilishuka ikakaribiana, joto liliporudi ikapanda na kutengana, kila ndege akabaki na mlima wake. Sasa tizama kwetu, bahari iliposhuka zama hizo, maji mengi yakiwa barafu, Unguja iliungana na bara lakini mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati yetu na bara, una kina cha mamia ya mita, haukukauka, Pemba ikabaki peke yake, ndio maana tuna ndege wanne wasiopatikana pengine duniani na Unguja hawana hata mmoja (wasinune).

Tena 1941 Moreau akishirikiana na Pakenham akaandika kuhusu wanyama wa Pemba, Unguja na Mafia. Pakenham alikuwa ofisa wa serikali hapa Zanzibar, huyu ndo alompa jina la kisayansi bundi wetu 1937 na ninga wetu, yule njiwa wa kijani, 1940.

Lakini mtu ninayetaka mumjue ni Salimu Asmani, msaidizi wake kule Amani, ambaye Moreau mwenyewe kamtaja kwa jina kwenye maandishi yake. Kazi yao ya viota ilikuwa ya kukaa tu, unatulia karibu na kiota masaa na masaa, mzazi akiingia na chakula unaandika saa, akitoka unaandika. Na hesabu za mayai viotani, zilizoandikwa kwa uangalifu wa namna hiyo, ndo zilimfanya 1944 aoneshe kuwa ndege wa huku kwetu hutaga machache kuliko wenzao wa Ulaya.

Nikafungua daftari letu, nimekuta mstari "ninga wengi, asubuhi". Asubuhi ya lini? Wako mti gani, nani kawaona? Watembezaji wetu bundi wanamjua mpaka tawi analolalia lakini yote yamo kichwani, mtu akihamia Mombasa kaondoka nayo.

Kamati imeamua hivi, kila mstari uwe na tarehe, saa, mahali na jina la aloona, jina kamili sio "mimi". Daftari jipya liko kwa katibu na penseli zake, kalamu za wino msizitumie masika zinachuruzika. Uchaguzi wa mhazini tutaufanya baada ya Idi, anayetaka kugombea alipe ada kwanza.