Kabla ya treni, tuonyeshwe itapita wapi

Ndugu Mhariri,

Foleni ya Mwanakwerekwe ikishika, hakosekani mtu ndani ya daladala akasema dawa yetu ni treni ya mjini. Wiki iliyopita alikuwa mzee mmoja, kapakata kikapu cha muhogo, akatukumbusha kuwa Unguja iliwahi kuwa na treni. Kweli. Kampuni ya Kimarekani iliijenga mwanzoni mwa karne iliyopita, kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, kama maili 7, ikipenya mitaa ya mjini karibu na milango ya watu. Miaka ya 1920 gari zikaichukulia abiria, ikafa.

Treni siipingi. Nauliza tu atakayeipanda anakaa wapi.

Daladala ikikosa abiria hubadilisha njia, reli haihami. Ndiyo maana penye stesheni ardhi hupanda bei na ghorofa hufuata. Lakini treni huishi kwa watu wanaoifikia kwa miguu, mwendo wa dakika 10 hivi. Sisi tunajengaje? Huku Fuoni jirani yangu alirithi eka tatu alizopewa baba yake baada ya Mapinduzi. Minazi imekatwa, shamba limepimwa kwa hatua, 20 kwa 15, vipande vimeuzwa. Njia iliyobaki, gari ya maji ikiingia hutoka kwa kurudi nyuma. Juzi jeneza tulilipitisha kiubavu. Hapo hata pa kuweka kituo hapana. Yale majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, tunayoyalaumu sana, yangeijaza treni asubuhi moja.

Na watu tupo. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Ila tumetapakaa.

Addis Ababa wana treni yao tangu 2015, na nyingi zililala kwa kukosa vipuri. Nauli peke yake haiilei reli. Hong Kong kampuni ya reli hupewa haki ya kujenga majumba penye stesheni, faida ikarudi relini. Kwetu ardhi kisheria ni mali ya umma, kwa hiyo hilo tungeliweza kuliko wengi. Tatizo, siku mstari ukichorwa, madalali ndio wa mwanzo kuujua.

Kwa hiyo bikoni, yaani alama za mipaka, ziwekwe sasa, za njia na za viwanja vya stesheni, kutoka Darajani kuja huku hadi Tunguu, na ramani ibandikwe ukutani kwa kila sheha ili mnunuzi aione kabla hajatoa pesa. Miaka ya mwanzo yapite mabasi tu humo, si neno.

Kwa jirani yangu vimebaki vipande viwili. Jumamosi dalali alikuja na mteja, wakavipima tena.

Mkaazi wa Fuoni,
Unguja