Ngazi za mlangoni zikichoka zivunjwe, tusizipake plasta juu

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee ngazi za mlangoni, zile za zege kwenye nyumba zetu za zamani ambazo zimelika katikati mpaka zinatuama maji kama bakuli. Najua kuna msomaji atasema mambo yote yaliyopo nchi hii mtu anakaa chini anaandika barua kuhusu ngazi, lakini mama yangu mwaka huu amekaa na hogo mkononi wiki sita kwa sababu ya ngazi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tumetoka kuzitengeneza. Zilipokuwa mbovu hazikuwahi kumwangusha. Zimemwangusha baada ya ukarabati.

Nyumba yetu ipo Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwenye mteremko kama nyumba nyingi za huku. Baba aliijenga mwaka 1978 akiwa mfanyakazi wa reli, msingi wa mawe, ukuta wa tofali za kuchoma, na mbele akamwaga zege la stepu tatu halafu unakanyaga kibaraza. Ngazi hizo zimepandwa na watu wote, sisi tukiwa wadogo na ndoo za maji kichwani, watu wa misiba, watu wa harusi, na jioni mama anakaa stepu ya pili na ungo wake anachambua dagaa huku anasalimiana na wapita njia. Zaidi ya miaka 40. Kingo zote zilikuwa zimeviringika, kokoto zimechomoza, na stepu ya pili ilikuwa na nyufa mbili, moja unaingiza kidole.

Kilichozila siyo miguu peke yake. Bati la mbele halikuwa na gata, kwa hiyo kila mvua ikinyesha michirizi inatua palepale kwenye stepu ya chini, na mvua zetu huku zinaanza Oktoba zinaenda mpaka Mei hivi, hebu fikiria maji yanagonga sehemu moja miezi yote hiyo mwaka baada ya mwaka. Halafu kwenye mteremko maji yakishuka yanabeba udongo wa uwanja, uwanja unashuka kidogokidogo na ngazi inabaki juu. Ndo maana ukipita Mwanga au Gungu utaona nyumba nyingi za zamani stepu ya kwanza ni ndefu kuliko zote na watu wameegesha jiwe au tofali la kukanyagia. Hakuna aliyejenga hivyo, udongo ndo umeondoka.

Sasa kaka yangu aliyeko Dar akatuma hela nyumba iwekwe sawa kabla ya harusi ya mdogo wetu. Tukapaka rangi, tukabadilisha geti, tukaweka taa za nje, na ngazi tukaziacha mwisho na hela iliyobaki. Fundi akaja akaangalia akasema hizi wala msihangaike, mifuko miwili ya saruji na siku moja ya kazi. Akafagia, akamwagia maji kidogo, akapiga plasta juu ya zege la zamani, pale palipochimbika sana akajaza sana na pale pazima akapitisha nyembamba, akamalizia na niru, ule uji wa saruji tupu, akaisugua na mwiko mpaka ikawa inang'aa. Kwa kweli tulifurahi. Picha za harusi zimepigwa hapohapo.

Haikufika mwezi. Magharibi moja, manyunyu yamepita, mama anatoka kwa jirani anapanda ngazi zake kama anavyopanda siku zote, haangalii chini, miguu yake inazijua. Kidole gumba kikagonga ukingo wa stepu ya pili, akaenda mbele, akatanguliza mkono kujizuia, mkono ukateleza kwenye niru iliyolowa. Mfupa wa karibu na kiganja ukavunjika. Mi nilikuwa ndani nikasikia mlio wa bakuli alilokuwa amelibeba kwanza ndo nikasikia sauti yake.

Baada ya kurudi hospitali nikachukua futi kamba nikapima. Kutoka chini mpaka stepu ya kwanza sentimita 23. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili 18. Ya pili kwenda ya tatu 13. Ya tatu kwenda kibarazani 14. Nilikaa palepale chini naangalia zile namba. Baba alizimwaga zote kwa 15, ya kwanza imerefuka kwa sababu uwanja umeshuka, fundi aliongeza sentimita 3 kwenye stepu ya pili na 1 kwenye ya tatu na hakupima popote, akaona amejaza shimo tu kumbe amebadilisha ngazi nzima. Mtu akipanda ngazi anaangalia ile ya kwanza, baada ya hapo mguu unajinyanyua wenyewe kwa kipimo kilekile, ukikuta ukingo umepanda hata sentimita moja na nusu unajikwaa, sembuse tatu, na sembuse mtu wa miaka 70 na kitu.

Na ile plasta yenyewe ilishaanza kuachia. Alikuja fundi mzee kutoka Ujiji, tuliletewa na shangazi, hakusema kitu, akachukua nyundo ndogo akawa anagongagonga. Pale plasta ilipokuwa imeshika inalia nzito, pale ilipoachana na zege la chini inalia kama debe tupu. Karibu yote ililia debe. Akaninyanyulia kipande cha ukingo kwa mkono, hakutumia hata tindo, chini yake vumbi lilelile la miaka yote, akaniambia mwanangu, plasta inashika kitu kizima kisafi, haishiki vumbi, na kwenye ukingo ikiwa nyembamba kama chapati itavunjika tu hata ukiweka saruji yote ya dukani. Hiyo kazi ya kwanza ilikuwa funika kombe.

Nataka niwe wa haki hapa, siyo kila ngazi ni ya kuvunja. Mzee mwenyewe alisema kama zege la chini bado linalia zito na ni ukingo mmoja tu umemeguka, unachonga mpaka ufike kwenye zege zima, unakata pembeni pawe na kina cha sentimita mbili tatu siyo kuishia nyembamba, unaosha vumbi lote, unalowesha, unapaka uji wa saruji na kabla haujakauka unashindilia mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga. Hiyo inakaa. Lakini zikiwa zimepasuka mpaka chini, zimezama upande mmoja, au zimeachana na ukuta ukaona uwazi kati ya ngazi na msingi, hapo plasta ni kutupa hela, tena huo uwazi ndo mbaya kabisa maana maji ya mvua yanaingia moja kwa moja yanalowesha msingi wa nyumba. Zetu zilikuwa zimeachana kidole kizima, plasta ilikuwa imeziba juu tu.

Tukavunja. Vijana wawili na nyundo kubwa na mtaimbo, asubuhi moja ikaisha. Chini yake tukakuta siri yote, baba alimwaga ngazi juu ya kifusi cha udongo wa kujazia, haukushindiliwa, hapakuwa na msingi wowote wa ngazi. Simlaumu, wengi walijenga hivyo na wanajenga hivyo mpaka leo, nyumba inachimbiwa msingi, ngazi inawekwa juu ya udongo kama mgeni. Tulichimba futi moja na nusu mpaka tukakuta udongo mgumu, tukashindilia mawe na vile vipande vya zege la zamani, juu yake moramu, ule udongo wa changarawe, iliyolowa kidogo ikapigwa tena, ndo likaja jamvi, yaani zege la kulaza chini, la unene wa inchi nne lenye nondo za mm 10, ngazi zikakaa juu yake.

Kabla ya kuseti mbao za kumwagia zege mzee alipima toka uwanjani mpaka juu kibarazani, jumla sentimita 68, akagawa kwa nne, ikaja 17 kamili kila moja. Ni hesabu ya darasa la nne hiyo Mhariri, lakini yule fundi wa kwanza hakuifanya. Sehemu ya kukanyaga akaweka sentimita 30 ili mguu wote ukae, siyo ile ya kukanyaga kwa vidole. Kila stepu akailaza mbele kwa milimita chache, ukiangalia kwa macho huoni, ukiweka pima maji unaona, ili maji yasituame. Na kibaraza akakiacha chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita mbili na nusu, mvua ya upepo isiingie sebuleni.

Zege lilikuwa moja kwa mbili kwa nne, saruji, mchanga, kokoto, na aligombana sana na vijana kuhusu maji, wao wanataka zege laini la kumiminika kama uji maana linarahisisha kazi, yeye anataka gumu la kushindilia, anasema maji mengi leo ndo vumbi la kesho. Mchanga pia aliukataa toroli la kwanza. Alichota akatia kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaacha itulie, juu ya mchanga ikakaa tope nene. Tukaenda kutafuta mwingine, wa chembe kubwa na msafi. Jumla tulitumia mifuko sita ya kilo 50 kwa ngazi za upana wa mita 1 na 20, jamvi na kila kitu.

Juu hatukupiga niru. Hii naomba iandikwe kwa herufi kubwa kama inawezekana, NIRU NI YA NDANI. Zege likiwa limeanza kukaza alipitisha fagio gumu mara moja kwa mlalo, ikabaki mikwaruzo ambayo hata ukiwa na kandambili zilizolowa unashika. Haing'ai, haipendezi kwenye picha, sawa.

Shida kubwa ilikuwa kusubiri. Nyumba nyingi mlango unaotumika ni mmoja na watu wanakanyaga zege siku ya pili, sisi tulimpeleka mama kwa shangazi Ujiji, tukaweka ubao mlango wa jikoni ndo tukawa tunapita huko, na ngazi zikafunikwa magunia tukawa tunayamwagia asubuhi na jioni siku saba. Zege halikauki kama nguo, linakaza kwa maji, likinyimwa maji wiki ya kwanza na jua letu la kiangazi linabaki unga kwa juu, na nguvu yake inaendelea kuja mpaka siku ya 28 hivi. Hapo ndo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri kwa haraka ya siku mbili.

Tulifikiria pia kuweka mteremko bila stepu, maana mama umri unaenda na siku moja anaweza kuhitaji kiti cha magurudumu. Kipimo kinachotumika ni ukipanda sentimita 1 utembee 12, kwa hiyo kwa 68 zetu ungehitajika mteremko wa zaidi ya mita 8 na uwanja wetu hauna hizo mita. Tukaweka bomba la kushikilia upande wa kulia, kimo cha sentimita 90, limechimbiwa kwenye zege lenyewe, na gata kwenye bati la mbele na mfereji mdogo wa kupeleka maji pembeni. Mwenye uwanja mrefu aweke mteremko, asisubiri mtu augue.

Mhariri, Novemba 2024 ghorofa lilipoanguka Kariakoo nchi nzima tuliongelea ujenzi, na ilikuwa haki kabisa, watu walikufa. Lakini kuna hizi ajali za kimya za nyumbani ambazo hazifiki gazetini, bibi kateleza mlangoni, mjamzito kajikwaa na ndoo, mtoto kapasuka kidevu, tunasema bahati mbaya tunampa pole tunaendelea, na ile ngazi inabaki vilevile inamsubiri mwingine. Na ndugu zetu waliosambaa huko Dar, Mwanza na kwingine wakituma hela nyumbani wanatuma ya kitu kinachoonekana kwenye picha ya WhatsApp. Mimi nimo humohumo, rangi niliichagua mimi na ngazi nikasema tutaona hela ikibaki.

Kwa hiyo naomba wenye nyumba za zamani, kabla mvua za Oktoba hazijaanza, chukueni nyundo ndogo mgonge ngazi zenu msikilize zinavyolia, na mpime kimo cha kila stepu, haichukui dakika kumi. Wenye nyumba za kupangisha nao, mpangaji anapanda ngazi hizo usiku na mtoto mgongoni na hawezi kuvunja zege la mtu, hiyo kazi ni yako wewe unayepokea kodi. Na mafundi, mteja akisema piga plasta tu na wewe umeona ngazi zimezama, mwambie ukweli hata kama utakosa kazi ya siku hiyo.

Yule fundi wetu wa kwanza simtaji na sina kinyongo naye, alifanya alichozoea na sisi tulimlipa bila kuuliza. Kama ataisoma barua hii apite nyumbani, futi kamba ninayo, tutapima pamoja, na mama kashasema akija apewe chai.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma