Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekuja Mwanza na kayaki na kamera

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, huku wote wazima, mama kila siku anauliza unakuja lini. Ile voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, kumbe kayaki, ule mtumbwi mdogo wa plastiki wa kupiga kasia, ushanunua na GoPro, ile kamera ndogo ya kufunga popote, ushapata, na unataka ukifika tu uingie ziwani ukavue sangara huku unajirekodi. Nimefurahi sana kusema ukweli. Ningekujibu hukohuko WhatsApp ila kuna vijana wa Luchelele na Igombe nao wananiuliza mambo hayohayo, nikaona bora niandike hapa wazi kila mwenye hamu asome.

Kubwa kuliko yote ni hili: kamera ifunge ukiwa nchi kavu, ielekeze ukiwa nchi kavu, halafu ukishaingia majini iache. Iwe sehemu ambayo huna sababu ya kuigeukia. Kwenye kayaki mikono ina kazi ya kasia na fimbo, basi, na mwili unatakiwa ukae katikati, sasa mtu anayejinyoosha mbele kubonyeza kitufe, au anayejipinda nyuma kuangalia kama kile kitaa chekundu kinawaka, huyo ameshahamishia uzito wote upande mmoja na wimbi la kivuko cha Kamanga halimsubiri amalize. Nakuambia mapema kwa sababu najua hamu yako ya kutaka kuona imeshika nini, utaona ukirudi.

Tuje kwenye kufunga. Ndani ya boksi umekuta vile vipande vyenye gundi nyuma, naomba usivibandike popote kwenye hiyo kayaki. Kayaki yako ni polyethilini, jamii moja na plastiki ya madumu ya maji, na stika ya dumu unajua mwenyewe inavyobanduka, gundi haing'ang'anii plastiki hiyo, na juu ya hapo uso wa kayaki umewekwa vinundu vya makusudi ili mguu usiteleze. Inaweza ikakaa asubuhi ukadhani imekubali, jua la saa 6 likiipiga inalegea na kamera inaondoka bila kuaga. Gundi ile ni ya sehemu laini, kavu na safi, na hata hapo inatakiwa ipewe saa 24 kabla hujaitumia. Ingekuwa kayaki ya fiberglasi ningesema sawa, bandika. Na kile kishikio cha kunyonya kinachokaa kwenye kioo cha gari, kiache kwenye gari.

Kinachofaa inategemea hiyo kayaki imekujaje. Angalia pembeni ya siti, ukiona reli ya alumini ina mfereji katikati basi umepona, unanunua kishikio chenye kile kidude cha mpira cha duara cha inchi 1, kinateleza kwenye reli, unakaza, unaelekeza unavyotaka, hutoboi kitu. Kama reli hakuna, njia yetu ya huku ni bomba la maji la PVC. Unatafuta saizi inayoingia kwenye tundu la fimbo nyuma ya siti bila kuchezacheza, juu unaziba kwa kifuniko chake, kifuniko unakitoboa unapitisha bolti ya stendi ya kamera na nati yake. Chini pale bomba linapoingia unazungushia mpira wa tubu ya baiskeli, ile mikanda ambayo bodaboda wanafungia mizigo, kwanza inabana, pili inameza ile mitikisiko ya kasia likigonga ubavu, maana bila mpira kila ukigonga video inasikika ngo ngo ngo kuliko hata sauti yako.

Sasa kamera ikae wapi. Hapa ndo watu wengi wanakosa. Wanaiweka kichwani kwa sababu video walizoziona ni za baiskeli na pikipiki. Kichwani inaona unachokiona, ni kweli, lakini mvuvi kichwa chake hakitulii, anaangalia ndoano, anaangalia wingu, anaangalia mtumbwi unaopita, mtazamaji anapata kizunguzungu, na wakati samaki anafika ubavuni wewe unatafuta neti, basi video inaonyesha neti. Kifuani ni nzuri zaidi, mikono inaonekana, rili (kile kigurudumu cha kukunjia uzi) inaonekana, uzi unavyokatiza maji unaonekana, ila mikanda yake ipite chini ya laifu jaketi au utafute klipu ya kubana kwenye jaketi lenyewe. Usije ukavua laifu jaketi kwa ajili ya mikanda ya kamera. Hilo sitalirudia.

Mimi napenda mbele, kati ya miguu na ncha, kamera ikikuangalia wewe, juu kidogo ya magoti. Pale inashika uso wako samaki anapovuta, inashika fimbo inavyopinda na samaki anavyoingia kwenye neti, vyote kwenye picha moja. Ikikaa chini sana utapata magoti na matone ya kasia. Hata hivyo huku kwetu ina tatizo moja ambalo hutaambiwa kwenye video za watu wa Marekani: jiji la Mwanza liko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo asubuhi ukitoka Capri Point au Luchelele unaelekea magharibi, jua linachomoza mgongoni kwako, na kamera ya mbele inayokuangalia inalitazama jua lenyewe usoni. Unatoka mweusi tii kama kivuli, huonekani macho wala meno. Mpaka kama saa 3 hivi jua likipanda, tumia bomba la nyuma, kamera ikiwa juu ya bega lako inaangalia magharibi, mwanga uko nyuma yake, maji yanatoka vizuri, miamba inatoka rangi yake. Ukiona lazima utumie ya mbele basi ukifika sehemu yako tia nanga kayaki ilale kaskazini kusini, mwanga utakupiga ubavuni na sura inapata uhai.

Hilo bomba la nyuma liwe upande usiorushia. Unarusha kwa mkono wa kulia, bomba kushoto. La sivyo utarudisha fimbo nyuma kwa nguvu zako zote na ndoano itaivua kamera yako. Na lisiwe refu kupitiliza, kichwa chako na mkono mmoja juu yake inatosha, kwa sababu ukipinduka na hilo bomba lipo hapo ndo unapotakiwa kupandia.

Kamba ya usalama ni lazima. GoPro haielei, inazama kama jiwe, na maji ya ghuba yetu unayajua yalivyo ya kijani, ukishaipoteza machoni chini kuna tope, usimwombe mtu apige mbizi. Kuanzia toleo la HERO5 Black la 2016, GoPro za HERO Black zinaingia maji mpaka mita 10 bila kasha, lakini hiyo haina maana kama imelala chini na huijui ilipo. Kamba iwe fupi, kama urefu wa kiganja na vidole viwili vitatu, ifunge kwenye kayaki au kwenye bomba na sio kwenye mwili wako, kamba ndefu inazunguka kasia na inazunguka shingo. Alafu weka na boya dogo la rangi ya chungwa nyuma ya kamera. Na kile kimlango cha betri, kisukume mpaka usikie kimelia tik, ukiona rangi kwenye kilango ujue hakijafunga, punje moja ya mchanga wa ufukweni kwenye ule mpira wake inatosha kuingiza maji.

Tone la maji kwenye lenzi. Aisee hili linaharibu video nzuri kuliko kitu chochote. Unapata sangara wa maana, amepanda juu kwa kishindo amefungua mdomo anatikisa kichwa, magamba yanang'aa kama fedha na lile jicho lake la dhahabu, unafika nyumbani unakuta katikati ya picha kuna tone limekaa saa nzima na sangara wako ni ukungu. Dawa yake ni mate. Kabla kamera haijagusa maji ya ziwa, ukiwa bado ufukweni, lamba kioo cha lenzi, usikifute, mate yanafanya maji yatambae yasijikusanye kuwa tone. Usiguse kioo na kidole chenye mafuta ya kujipaka wala chenye ute wa samaki. Na kama unatumia kasha la nje, tia ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kwa sababu hewa ya asubuhi na joto la kamera vikikutana kioo kinapata ukungu kwa ndani na huo huwezi kuufuta.

Betri. Usirekodi kuanzia unapotoka mpaka unaporudi, hakuna atakayetazama na betri haitoshi. Kama yako ni HERO9 Black au HERO Black ya baada ya hapo kuna kitu kinaitwa HindSight, kamera inashika sekunde 15 au 30 za nyuma, ukibonyeza (hii ni kwa ile ya kifuani, mkono unaifikia bila kujinyoosha) ndo inazihifadhi na kuendelea, kwa hiyo samaki anakamata kwanza, wewe unarekodi baadaye na bado ule mvuto wa kwanza upo. Inakula betri ila kwa mvuvi hii ni zawadi. Ipo pia amri ya sauti, unaiambia kwa Kiingereza ianze kurekodi inaanza, upepo ukiwa mwingi haisikii vizuri, lakini asubuhi ziwa likiwa limelala inakusikia na mikono yako inabaki kwenye kasia. Usirekodi 4K, ile picha kali kubwa, ya fremu 60 kwa sekunde jua la mchana kayaki imesimama, hakuna upepo wa kuipoza, itapata moto ijizime. 1080 kwa fremu 30 kwa video ya kutazamwa kwenye simu inatosha kabisa, na bando la kupandishia unajua bei yake. Memori kadi nunua yenye alama ya V30, yaani yenye kasi ya kutosha kwa video, na uijaze yote siku moja nyumbani kabla ya safari, feki zimejaa madukani, zinaandikwa GB 128 na hazina hata nusu.

Kuna kimoja ambacho kitakushangaza. Ile teknolojia ya kutuliza picha, HyperSmooth, kwenye kamera ya kifuani iwashe, ni nzuri. Kwenye kamera iliyofungwa kwenye kayaki izime au ishushe. Kamera inahisi mawimbi inajaribu kunyoosha dunia, matokeo yake upeo wa macho unatulia ila wewe na kayaki yako mnayumba kama mmelewa. Ukiizima, kayaki inatulia kwenye picha na ziwa ndo linapanda na kushuka, na hivyo ndivyo mtu aliyekaa humo anavyoona.

Halafu kitu ambacho ningependa ukifanye kwa moyo wote. Chora mstari wa rangi kwenye sakafu ya kayaki, sehemu ambayo kamera inaona, sentimita 50 kwa sangara na 25 kwa sato. Chini ya hapo sheria hairuhusu, na kila samaki unayempata mlaze pale kamera imwone, mdogo arudi majini hapohapo na watu waone anavyorudi. Sangara aliyepanda kutoka kina kirefu bondo linakuwa limejaa hewa, anaelea tumbo juu, kwa hiyo usimchezee muda mrefu kwa ajili ya picha. Vijana wanatazama hizi video, wakikuona unarudisha na wao watarudisha.

Leseni ya uvuvi kata, na viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo (ufukwe wa kushushia samaki) utakaoingilia wapitie uwasalimie, useme una kamera. Wavuvi wa dagaa wanaorudi alfajiri na taa zao, kina mama wanaoanika dagaa mchangani, usiwaelekezee kamera kimyakimya, hao wako kazini, omba kwanza, wengi watakubali na watakuelekeza hata sangara wako wapi. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, huko usivue. Kiboko na mamba ni wa kuonea mbali, hakuna klipu inayolipa hilo. Angalia utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, usiku kabla hujalala, na ukumbuke asubuhi upepo unatoka nchi kavu unakusukuma ndani bila wewe kujua, mchana unageuka unatoka ziwani na mawimbi yake. Ukisikia radi, kamera, fimbo, kila kitu laza chini, toka majini. Na ukitoka majini jifute mara moja, kichocho kipo, pale kwenye matete ya pembeni ndo zaidi.

Ukirudi kamera isuuze kwa maji ya bomba kimlango kikiwa kimefungwa, ikauke kivulini, ndo ufungue.

Kingine chochote niulize hapa chini au nipigie. Ila drili usishike kabla hatujaonana, hiyo kayaki ilete kama ilivyo, kuna fundi wa fiberglasi Kirumba anayejua wapi pa kutoboa na wapi ukitoboa maji yanaingia ndani, tutaenda naye siku ya kwanza kabla hata hujafungua begi.

Kaka yako