Kliniki inamjua kila siku, mtaa unasema haumjui

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua za kuhusu mateja, hawa vijana waliozama kwenye heroini, najua mnazipata, nyingi zinataka wakamatwe waondolewe barabarani, na sio kwamba siwaelewi wanaoandika hivyo maana hata mimi nimeshaibiwa sufuria mbili na mtungi wa gesi, ila kuna jambo naliona kila siku na silioni likisemwa.

Nauza chakula cha asubuhi karibu na hospitali ya Temeke, chai, chapati, supu, na pale nilipo ndio njia wanayopita kwenda kunywa dozi ya methadoni. Hii huduma ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikaja Mwananyamala 2012, halafu Temeke 2014. Kwa asiyejua, methadoni ni dawa ya maji, mtu anapewa kikombe anakunywa palepale mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku, na inamshikilia mpaka kesho yake asipate arosto, yale mateso ya kukosa dawa za kulevya. Unga wenyewe, yaani heroini, unaisha mwilini baada ya masaa machache tu, ndio maana teja hatulii, akimaliza kete moja, kile kifuko kidogo cha unga, anawaza ya pili ataipata wapi, akikosa mwili wote unauma, anaharisha, machozi na makamasi yanamtoka, na hapo ndio anabeba sufuria ya mtu. Nimewaona waliokuwa wanapita wameinama kabisa, miguu ina vidonda, leo wanapita wima wananisalimia shikamoo mama, kwa hiyo asije mtu akaniambia hawa hawaponi.

Sasa kuna kijana mmoja, jina nalihifadhi, ananisaidia kuosha vyombo na kuchota maji. Huyu alikuja Dar mdogo kwa treni ya reli ya kati yeye na mwenzake, wakashuka hawana wanayemjua, wakaanza kuokota chupa na vyuma chakavu. Akaanza kuvuta gundi, hii hii ya mafundi viatu, wanaiweka kwenye chupa ya maji wanaificha ndani ya shati. Nilimuuliza siku moja ulikuwa unaifuatia nini akanijibu, "Mama, ukivuta gundi tumbo unalisahau." Mtoto anavuta gundi ili asisikie njaa, mhariri, sio starehe. Kutoka kwenye gundi akaingia kwenye kokteli, ile bangi inayochanganywa na unga, mwisho akawa anajidunga. Akapelekwa kliniki na watu wa kujitolea wanaopita maskani, kwenye vijiwe vya mateja, na sasa ana zaidi ya miaka miwili anakunywa dozi, Jumapili anaenda, Idi anaenda, Krismasi anaenda, mvua ikinyesha anaenda.

Lakini usiku analala wapi? Barazani kwenye maduka, palepale alipokuwa analala zamani, na walewale ambao bado wanakula unga. Saa moja asubuhi anakunywa dawa, saa mbili usiku mwenzake aliyelala naye boksi moja anajichoma mbele yake. Niambieni nani kati yetu angeweza. Yeye ameweza mpaka leo na mimi namheshimu kwa hilo kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Mwaka jana nikasema huyu mtoto atafute kazi ya maana, hata ya kubeba mizigo kwenye godauni. Wanataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Tukaenda kuulizia, wanataka fomu igongwe muhuri wa serikali ya mtaa. Tukaenda serikali ya mtaa, sitautaja ni upi, tukaulizwa anakaa nyumba namba ngapi, mjumbe wake nani. Nikaeleza hana nyumba, analala pale barabarani, mnapita mnamuona kila siku. Nikajibiwa huyu hatumtambui, sio mkazi. Tumerudi mara nne, jibu ni hilo hilo. Bila NIDA hawezi hata kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, na ile mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, hawezi kuisogelea, maana inataka kikundi kinachotambulika na wenye vitambulisho.

Mimi sikusoma sana lakini nauliza hivi, katika huu mtaa mzima ni nani anayejulikana alipo kila siku kuliko kijana anayekunywa methadoni? Jina lake liko kwenye daftari la serikali, kwenye hospitali ya serikali, kila asubuhi linatikiwa kwamba leo kafika. Mimi mwenyewe nina nyumba ya kupanga na mjumbe wangu hajaniona tangu uchaguzi. Mimi ndio mkazi, yeye ndio hatambuliki? Ombi langu kubwa la barua hii ni hilo tu, wizara na halmashauri zikae zikubaliane kwamba barua ya kliniki, kwa mtu aliyehudhuria mfululizo labda miezi sita, itoshe kumtambulisha kwa mtendaji. Halihitaji jengo wala wafadhili, ni waraka tu wa ukurasa mmoja. Na yeye mwenyewe akiridhia, maana siri za ugonjwa wake ni zake.

Malazi ndio jambo la pili, hata ukumbi mmoja wenye magodoro na mlinzi karibu na kila kliniki, waliopo kwenye dozi walale mbali na maskani. Soba hausi, zile nyumba za kulaza wanaoacha dawa za kulevya, zipo na nyingi zinaendeshwa na watu waliopitia humohumo, wana moyo kweli, ila nyingi zinataka hela kila mwezi na mtoto wa mtaani hana ndugu wa kumlipia.

Na wale wadogo wa gundi wasisahaulike, maana watu wanadhani methadoni inatibu kila kitu. Haitibu gundi, ni kwa unga na vitu vya jamii hiyo. Mtoto wa miaka kumi na chupa yake ya gundi hakuna kikombe cha kumpa, dawa yake ni chakula, kitanda, shule, na mtu mzima mmoja asiyempiga. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeipa halmashauri jukumu la kulinda watoto walio ndani ya eneo lake, haijasema wenye wazazi tu. Tunachokiona huku ni kukamatwa kwenye msako, wanapandishwa basi kurudishwa mkoani, mwezi haujaisha wamerudi kwa sababu kilichowakimbiza nyumbani bado kipo nyumbani, hakuna aliyeenda kuuliza ni nini.

Mwisho wa 2023 tulitangaziwa kwamba zimekamatwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar na Iringa. Nilishukuru sana, kila kilo iliyokamatwa ni watoto wameokoka, waendelee hivyohivyo. Ila wajue unga ukiadimika huku chini wale wasio kwenye dozi hawaachi, wanahamia kwenye vidonge na pombe kali, na hata wa kliniki wakishawishika kidogo tu ni hatari, methadoni ukichanganya na pombe au vidonge vya usingizi kama valiamu mtu anaweza kulala asiamke. Mmoja tulimkuta hivyo barazani asubuhi, nikidhani amepitiwa na usingizi nikamuwekea chai pembeni. Kwa hiyo unga ukikamatwa bandarini nafasi za kliniki na za kulala nazo ziongezwe wiki hiyohiyo.

Sina mengi zaidi, mhariri. Jumatatu tunarudi ofisi ya mtaa mara ya tano. Nimemwambia aje na kadi yake ya kliniki, mimi nitabeba kitambulisho changu cha mjasiriamali, na nimemnunulia shati.

Mama ntilie,
Temeke, Dar es Salaam