Filamu ya bibi, na uso usiuguse

Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Barua yako nimeipata. Unataka filamu ya dakika tatu ya marehemu bibi yako, Mungu amrehemu, na akili mnemba ikusaidie pale picha zisipotosha. Yawezekana, ila neno moja nalitanguliza: itie mwendo vitu vilivyomzunguka, uso wake usiuguse. Mashine haimjui, inakisia tu, na mashangazi zako watalitambua kosa papo hapo.

Anza na skani. Picha ya pasipoti ni milimita 35 kwa 45. Kwa nukta 300 kwa inchi utapata kama pikseli 410 kwa 530, na filamu yataka 1920 kwa 1080. Hiyo iskani kwa nukta 1200. Za albamu, 600 zatosha. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu kwa unyevu wetu huu wa pwani usiibandue, sura itabaki kiooni. Iskani hapo hapo juu ya kioo. Na programu za kusafisha picha zilizofifia usiziamini: haziurudishi uso uliopotea, zinatunga mwingine unaofanana nao.

Ukigeuza picha kuwa video, amri iwe fupi, mwendo mmoja: pazia lipepee, basi. Ukiomba mambo matatu kwa pamoja, vidole vinaongezeka na kiti kinayeyuka. Klipu ya sekunde tano, chukua mbili tatu za mwanzo, maana kadiri inavyokwenda ndivyo inavyoiacha picha uliyoipa. Tengeneza tano upate moja.

Kanga ndiyo mtihani. Mashine huvuruga maandishi, na jina, yaani ule msemo wake, likivurugika hiyo si kanga tena, ni kitambaa. Kamera ikiwa imetulia, kata jina kutoka picha ya asili ulibandike juu ya klipu. La sivyo chagua picha inayoonyesha pindo na mji wa kanga (ile sehemu ya katikati) tu. Mtaa nao ni vivyo hivyo. Ukiueleza kwa maneno utaletewa mji usio na mwenyewe, nusu Moroko. Piga picha ya roshani Mji wa Kale asubuhi, jua halijapanda, uipe mashine iwe fremu ya kwanza, yaani picha ya kuanzia klipu.

Sauti yake usiiigize. Programu zaweza, tena kwa kipande kifupi cha kaseti, lakini kumtia marehemu maneno asiyoyasema mimi siwezi kukusaidia. Barua zake azisome mjukuu. Kaseti yenyewe izungushe mbele hadi mwisho kisha uirudishe, ndipo uicheze. Irekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, kilohezi 48. Mvumo wa kaseti upunguze, usiumalize, ama sauti itakuwa ya mtu aliye ndani ya pipa la maji.

Mradi wa filamu kwenye programu ya kuhariri uwe fremu 25 kwa sekunde, na simu unayorekodia pia: umeme wetu ni hezi 50, na ukirekodi kwa 30 taa za ndani huweza kumetameta. Klipu za mashine nyingi huja kwa 24. Zigeuze kwanza, la sivyo mwendo hukwamakwama.

Picha za ndani, bibi akiwa bila buibui, usizipandishe popote kabla ya kumuuliza mama.

Kabla hujaicheza ile kaseti, pangusa kichwa cha redio, kile kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti. Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi shogayo